Mwaka Mama Skola Alipokalia Damu ya Pimbi

Nianze na aibu yenyewe ili iishe. Nimewahi kulia msibani, kulia kwa sauti, kugaagaa kwenye mchanga mpaka vifungo vya shati vikakatika, na marehemu sikuwa namlilia. Nilikuwa nalilia barafu. Barafu ya kawaida tu, hii ya maji. Ilikuwa ndani ya boksi la bluu, na juu ya boksi alikuwa amekaa Mama Skola, mwanamke mnene wa Chiwanda, mtani wa ukoo wetu, kajiachia kama yuko kwenye kochi la padri. Kila nilivyozidi kulia ndivyo alivyozidi kutikisika kwa kicheko, na kila alivyotikisika boksi lilitoa mlio, kwii, na mimi moyoni nikawa natoa mlio huohuo. Wapo watu kule Chiwanda mpaka leo hawaniiti Gaudensi. Wananiita Barafu, na watoto wao wanadhani ndilo jina la ubatizo.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu tumemzika rafiki yangu Kasto. Tumemzika huku milimani Mbinga, nyuma ya kahawa zake, na watani walikuja kama desturi, wakavaa suruali zake, wakaiga alivyokuwa anatembea kama mtu anayekanyaga mayai. Watu walinitazama mimi. Nani asiyejua kwamba Gau akifika msibani kazi imeanza? Nilibeba kikombe cha chai kikapoa mkononi. Mtani mmoja akaniuliza, "Gau, leo umekula nini?" Nikamjibu maharage, na hilo ndilo lilikuwa neno langu la kuchekesha kuliko yote siku hiyo. Nikarudi kwenye kibanda changu cha chai hapa stendi, nikawa nakaanga chapati huku nikiona mwaka mmoja tu, ule wa nyumba ya bati Chiwanda, kana kwamba miaka mingine niliyoishi nilikuwa naazima.

Shule niliishia kidato cha pili. Mimi na shule tuliachana kwa amani, hakuna aliyemlilia mwenzake. Kwa hiyo watafiti walipokuja kwetu Chiwanda, ufukweni mwa ziwa, wakitafuta kijana anayejua njia na asiyeogopa kung'atwa, sikuwa na cheti cha kuonyesha, nilionyesha meno tu. Walikuwa wawili pamoja na gari lao. Mmoja tulimwita Daktari, mzee wa mifugo, mpole, anayelala akiwa amekaa. Mwingine alikuwa Rehema, mwanafunzi wake, anayemalizia masomo ya maabara huko Morogoro. Na mtegaji wao walishampata tayari Mbinga mjini, naye ndiye Kasto, Mmatengo mfupi wa maneno, aliyekuwa anamjua ndezi kwa harufu. Kazi yangu kwenye karatasi iliitwa msaidizi wa utafiti. Mimi kijijini nilijitambulisha kama daktari wa panya, na akina mama wawili watatu waliniamini wakaniletea paka.

Nyumba ya bati tuliyopanga ilikuwa na vyumba viwili na baraza inayoangalia ziwa. Chumba cha nyuma tulilala mimi na Kasto, na mitego imepangwa mpaka chini ya vitanda, kwa hiyo ukitelemsha mguu asubuhi unatelemsha kwa sala. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa cha kazi. Meza moja ndefu imefunikwa nailoni nyeupe, vichupa vimesimama kwenye vishimo vyao, pamba, spiriti, vibano, na pembeni lile boksi la bluu. Rehema alilala kwa masista, anakuja asubuhi na kanga begani, anafungua dirisha kabla hajasalimia mtu, kisha ndipo anasema, "Hamjambo wanaume wa panya?" Ile harufu ya spiriti ikichanganyika na usipa, dagaa wa ziwani, wanaokauka kwa jirani, mimi ndiyo harufu yangu ya ujana. Wengine wanakumbuka marashi. Juzi nimepita zahanati nimesikia harufu ya spiriti, nikasimama mlangoni mpaka nesi akaniuliza naumwa nini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kasto na mimi tunatega mchana kwenye mawe ya ufukweni kwa ajili ya pimbi, kwenye matete ya mtoni kwa ajili ya ndezi, wale panya wakubwa wa kuliwa, na mashambani kwa ajili ya panya. Aliyenaswa analetwa, Rehema anamlaza kwa dawa kidogo, anatoa damu tone kwa tone, mimi nashika kibano natafuta kupe masikioni na kwapani, nawatia kwenye kichupa cha spiriti. Mnyama akizinduka, anarudishwa palepale alipotoka. Hapo ndipo Kasto alikuwa anaumia. Ndezi mnene, mafuta yanameremeta, anafunguliwa anaondoka zake. Kasto anamsindikiza kwa macho mpaka matete yatulie, kisha anasema, "Nyie watu mmesoma mpaka mmepitiliza." Jioni tukila ugali wa muhogo na usipa alikuwa anaendelea na msiba wake. "Huu ugali wenu unavutika kama mpira wa baiskeli. Na kitoweo tumekisindikiza wenyewe." Mimi namwambia Mmatengo akikosa maharage siku mbili anaanza kuota yale mashimo wanayolimia kwao milimani. Rehema anacheka, anamega tonge kubwa kuliko letu. Alikuwa anapenda ugali wa muhogo yule dada, na samaki mbasa wa kuchoma akipatikana, anakula kichwa chote na macho, halafu anapanga mifupa pembeni ya sahani kwa mpangilio kama vichupa vyake.

Nilimuuliza siku moja tunatafuta nini hasa, maana nilikuwa nimechoka kuwajibu watu kwa kubuni. Akaniambia ufukweni huku watoto wanapata homa, wanapimwa malaria haionekani, wanapewa dawa ya malaria hivyohivyo. Wengine ni homa ya papasi, wengine ni homa nyingine zinazoletwa na kupe, na hivyo vijidudu lazima vina mahali vinakaa vikisubiri. Yeye anataka kujua vinakaa kwa mnyama gani. "Sasa si uangalie kwenye hadubini?" nikasema, nikijiona msomi. Akasema vinaweza kuwa vichache mno, hadubini ikavipita. Huko Morogoro kuna mashine inayotafuta kipande cha vinasaba vya kijidudu. Unaipa damu, unaipa na kitu kinachokijua kile kipande peke yake, basi inachemsha na kupoza, inachemsha na kupoza, na kila mara kipande kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne, mpaka vinakuwa vingi huwezi kukosa kuviona. Nikafikiri kidogo. Nikamwambia, "Hiyo mashine tunayo hapa. Inaitwa umbea. Unamwambia mmoja asubuhi, jioni Mbamba Bay yote wanajua." Alicheka akakaa chini sakafuni. Alisema angemsimulia Daktari, na akamsimulia kweli, na Daktari akazinduka akacheka akalala tena.

Nilimpenda hapohapo sakafuni. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilikuwa nachekesha watu tangu najua kusimama, lakini nilikuwa sijawahi kuona mtu anakipokea kichekesho changu halafu anakifikiria, kama mtu aliyepewa embe anaangalia na kokwa. Tangu siku hiyo nilikuwa naamka na kazi moja, nimchekeshe Rehema kabla ya chai. Na kwa sababu nilikuwa namchekesha kila siku, siku haikupatikana ya kumwambia. Utaanzia wapi? Mtu ameshazoea kwamba ukifungua mdomo anacheka.

Halafu kulikuwa na jambo lingine lililonikaba. Ile damu lazima ikae baridi mpaka ifike kwenye friza Mbinga mjini, la sivyo inaoza, na vile vinasaba vinakatikakatika, mashine inaita hakuna anayeitika. Chiwanda wakati ule umeme hakuna. Barafu ilikuwa inaletwa na gari kutoka kwa wenye samaki Mbamba Bay, imefungwa kwenye magunia na pumba za mpunga. Rehema alikuwa anailinda damu ile kama mama mwenye mtoto wa siku moja, na sababu yake aliisema waziwazi: ikifika salama, anamaliza masomo. Ikiharibika, anarudi kutega mwaka mwingine mzima. Mnaona mtego nilionaswa mimi. Kila barafu niliyoipanga vizuri nilikuwa nampangia nauli ya kuondoka. Na niliipanga vizuri, sijui kwa nini. Mtu mwenye akili angesahau mfuniko wazi mara moja tu.

Mwisho wa masika ikawa siku ya kupeleka shehena ya mwisho, ile kubwa. Mvua ilikuwa imekula daraja, gari la Daktari limesimama upande wa pili na barafu mpya, kwa hiyo mimi na Rehema tukalifunga boksi nyuma ya pikipiki tulipeleke mpaka mtoni, tulivushe kwa miguu. Njiani tukakuta msiba. Bibi mmoja wa ukoo wetu alikuwa amefariki usiku wa kuamkia siku hiyo, na mimi porini kwenye mitego sikuwa nimepata habari. Huwezi kupita msibani juu ya pikipiki, hata uwe umebeba moto. Nikazima, tukashuka. Rehema akajitanda kanga akaenda kukaa na akina mama mkekani. Mimi sijafika hata kwa wazee kutoa pole, nasikia sauti.

"We Gau! Unapita msibani kama tarishi?"

"Shikamoo Mama Skola. Sijapita, nimeshuka."

"Sikuitikii. Umetuletea nini?" Na mikono yake tayari iko kwenye kamba za boksi. Kwa wasiojua, siku ya msiba mtani anatwaa anachotaka kwa wafiwa, kuku, sufuria, hata kiatu mguuni, na harudishi mpaka umkomboe. Na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umemdharau marehemu.

"Mama, hilo siyo la msiba."

"Kinachoonekana hapa leo ni cha msiba." Akalitua chini juani, katikati ya uwanja, akakaa. Kisha akaruka kidogo. "Yeleuwi! Lina baridi! Jamani njooni mguse, Gau kamletea mtani wake kiti cha Ulaya!" Akakaa tena taratibu, akafumba macho. "Siondoki hapa mpaka bibi azikwe."

Na bibi alikuwa azikwe jioni, wanasubiri watu wa Mbinga. Nilipiga hesabu ya lile jua na ya ile barafu. Nikachuchumaa mbele yake nikasema kwa adabu kabisa, "Mama Skola, nakuomba. Ndani humo kuna damu."

"Damu ya nani?"

"Ya pimbi. Na ya panya, na ya ndezi."

Uwanja ulilipuka. Wazee waliokuwa wameinama kwenye benchi walishika fimbo wasianguke. Binti wa marehemu, ambaye nilisikia hajanyanyua uso tangu asubuhi, alicheka mpaka wakamshika. Mtani mwingine akapaza sauti, "Mama Skola, na mimi nina damu ya ndezi, nikalie na mimi!" Nikasema, "Jamani sifanyi mzaha." Wakaitikia wote kama kwaya, "Sifanyi mzahaaa!" Nikaapa kwa Bikira Maria. Wakapiga vigelegele. Nilimwangalia Rehema kule mkekani, hakuwa anacheka. Alikuwa analiangalia boksi, mdomo umekauka, na hakuweza kusema kitu kwa sababu ni mgeni na ni msiba wa watu. Ule uso ndio ulionimaliza. Wazo lilinipitia, nakiri, kwamba nikinyamaza tu nikakaa kivulini, mwaka mwingine mzima dirisha lile litafunguliwa na mkono uleule. Nikalia. Sikupanga. Nikajikuta chini kwenye mchanga, nagaagaa.

"Mnaona?" Mama Skola akawaambia wafiwa. "Hivi ndivyo watu wanavyolia. Nyie mnalia kama mnakohoa."

Lakini mwanamke yule hakuwa mjinga. Kicheko chake kilipungua polepole, akainama akaniangalia vizuri. "Huyu halii bibi," akasema. "Bibi alimchapa fimbo utoto wake wote." Akageuka akafuata macho yangu mpaka mkekani. "Mgeni. Kiti hiki ni chako?"

"Ni changu, mama," Rehema akasema.

"Basi kikomboe. Njoo utwange."

Walimpeleka kwenye kinu cha makopa, ile mihogo mikavu ya ugali wa msiba, wakampa mchi mzito kuliko yeye. Alitwanga. Mchi ulipiga ukingo wa kinu, ukapiga mguu wake, ukarusha unga usoni, na akina mama wamemzunguka wanaimba, "Mkwe wetu katoka mbali, kutwanga hajui, tutamfundisha!" Jasho linamtoka, nyusi nyeupe kama bibi kizee, na hakuacha mpaka makopa yakawa unga. Mama Skola akanyanyuka kwenye boksi, akajipapasa nyuma, akasema ameganda. Akanishika sikio, akaninong'oneza, "Mkwe tumeshampokea. Wewe sasa maliza." Kisha akaenda kumshika mkono binti wa marehemu, wakalia pamoja, kilio cha kweli.

Tulipofika mtoni na kufungua, barafu ilikuwa imebaki kipande kama sabuni ya kuogea inayokaribia kuisha. Rehema alishika vichupa kimoja kimoja akiviweka shavuni. Hakusema vimepona, hakusema vimekufa. Alisema tu, "Bado vina ubaridi kidogo, Gau," na sauti yake sijaisahau. Daktari akahamishia kwenye barafu mpya akaondoka mbio, kwa mara ya kwanza nikamwona yuko macho kabisa. Niwaambie mapema yaliyotokea baadaye: miezi ilipita, nikapata meseji kwenye simu yangu ya tochi, maneno mawili, "Damu imeitika." Damu ile iliyokaliwa na Mama Skola. Kwa ndezi kulikuwa na kijidudu, na kwa kupe wa pimbi pia. Nilimwonyesha kila mtu stendi. Nilimjibu Rehema kwamba Mama Skola naye atajwe kwenye kitabu chake kama mtaalamu wa kutunza ubaridi. Akajibu kwa alama ya kicheko. Tukaishia hapo. Sijui sasa yuko wapi. Watu wananiuliza kwa nini niliweka kibanda stendi na siyo sokoni, nawaambia wasafiri hawana muda wa kulalamikia chai.

Lakini ile wiki ya mwisho, kabla ya meseji, Rehema alibaki Chiwanda kufunga kazi, na kijiji kizima kilikuwa kinamwita mkwe. Anapita kisimani, "Mkwe, kutwanga umejua?" Anaitikia, "Najifunza, mama." Na mimi nikawa naitikia mizaha yote kwa mizaha. Jioni moja nilikuwa nyuma ya nyumba nasugua mitego, Rehema na Kasto wako barazani wanachambua mboga, nikamsikia Rehema anauliza, "Kasto, hivi Gau huwa anasema kweli saa ngapi?"

Kasto akafikiri. "Akiwa amelala."

"Na akiwa amelala anasema nini?"

Kasto akaendelea na mboga, nikasikia majani yanakatika, tap, tap. "Muulize mwenyewe," akasema. Nilisugua ule mtego mpaka rangi ikatoka. Hakuniuliza. Au labda aliniuliza kwa njia yake, na mimi nilikuwa nimejaza mdomo vichekesho, sikusikia.

Tukamsindikiza mpaka Mbinga mjini, Kasto na pikipiki yake kabeba mizigo, sisi tukapanda gari la abiria. Stendi asubuhi ile ilikuwa na ukungu wa milimani, wapiga debe wanaita Songea, Songea, magunia ya kahawa yanapandishwa juu. Alikaa dirishani. Nikasimama chini yake na maneno yote niliyoyapanga tangu Chiwanda, yamenyooka, hayana hata mzaha mmoja. Nikafungua mdomo, nikajisikia nasema, "Mkwe, ukifika uwaambie kwenu mahari inakuja. Ndezi wawili, mmoja ana kupe."

Alicheka, akaegemea kioo. "Wawili tu?" Kisha kicheko kikaisha, akaniangalia kama alivyokuwa anaangalia kichupa akikiinua kwenye mwanga. "Nikiwaambia, wataamini?"

Nikasema, "Nani anaamini maneno ya Gau?"

Akatikisa kichwa polepole, akasema, "Haya." Konda akapiga bati, gari likaondoka. Nilipunga mkono huku nacheka mpaka likapotea kwenye kona. Kasto alikuwa amekaa juu ya pikipiki karibu na mama ntilie, anatafuna muhogo wa kuchoma. Nikaenda nikasimama pembeni yake.

"Umemwambia?" akauliza.

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Kacheka."

"Na wewe?"

"Na mimi nimecheka."

Kasto akamaliza muhogo wake bila haraka, akajifuta mkono kwenye suruali, akatoa ufunguo wa pikipiki mfukoni akanishikisha. "Basi hujamwambia," akasema. "Leo analala Songea, gari la Morogoro linatoka alfajiri. Mafuta yamo."